Kanisa la Mabenchi Mafupi

Mambo yaliharibika Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, katikati ya ibada, kanisa zima liliposimama kukiri imani na Bibi akabaki chini.

Si kwamba alikataa. Aliweka viganja juu ya magoti, akasema "Ee Bwana" kama anavyosema kila siku akitaka kuinuka, akajisukuma. Magoti yakalia kama mbao kavu. Akainuka kidogo, akarudi alikotoka. Wenzake walikuwa wamefika kwa Pontio Pilato. Akajaribu tena, na safari hii mkono wake ukashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mkia wa koti la mtu wa mbele.

Mtu wa mbele alikuwa katibu wa Baraza la Wazee. Jina lake wanalo wenye daftari la usharika. Watu walimwita Bwana Utaratibu, kwa sababu hakuna alilolisema bila kuanza na neno hilo. Koti likapasuka mgongoni kutoka chini hadi shingoni, kama gunia lililokatwa kamba. Mmoja kwenye kwaya akacheka. Kicheko kikapita benchi kwa benchi kama kikapu cha sadaka, na kila mtu akatia chochote alichokuwa nacho.

Bwana Utaratibu hakugeuka. Alikiri imani mpaka uzima wa milele, amina, huku shati lake jeupe likichungulia mgongoni. Ndipo akainama.

"Bibi, utaratibu wa hapa tunasimama."

"Nimesimama, mwanangu," Bibi akasema. "Huku ndani nimeshasimama zamani. Miguu ndiyo haijapata habari."

Walioko karibu wakacheka tena, na hicho kicheko cha pili ndicho Bwana Utaratibu hakukisamehe.

Msomaji atauliza benchi gani hilo linalomshinda mtu kuinuka. Yalikuwa mabenchi mafupi, yaliyomfika mtu mzima chini ya goti, na hayakuzaliwa hivyo. Mwaka uliotangulia Mchungaji alikwenda kwenye semina ya viongozi, akarudi na neno la unyenyekevu. Akasimama mimbarini akalia machozi, akasema amekaa juu ya kondoo wake miaka yote hiyo na sasa inatosha. Akamwita fundi wa makochi, mtoto wa huyo huyo Bibi, akamwambia akate miguu ya kiti cha mchungaji hadi nusu. Watu wakapiga makofi. Wengine wakalia naye.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa wakajikuta wamekaa juu ya Mchungaji wao. Vichwa vyao vilikuwa vinaelea huko juu kama nazi, na Mchungaji yuko chini anawatazama mapua. Ikawa aibu. Baraza likakaa, na viti vya wazee vikakatwa. Kisha kwaya ikaonekana imekaa juu ya wazee. Ikakatwa. Mwisho ikaonekana waumini wote, wakiwemo wasiojua kusoma na waliobatizwa juzi, wamekaa juu ya viongozi wao. Ndipo Bwana Utaratibu akaandika kanuni na kuibandika mlangoni: ibadani haketi mtu juu ya Mchungaji, wala hainuki mtu kabla yake.

Fundi alikata mabenchi yote kwa msumeno wake, wiki nzima, bila malipo, kwa sababu ni kazi ya Bwana. Vipande vya miguu vikapelekwa jikoni kwa Mchungaji, vikawa kuni. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyojishusha. Wao wanashuka kidogo, na waliokuwa chini tayari wanatafutiwa pa kushukia.

*

Nyumba ya fundi ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, na ukumbi wenyewe ulikuwa karakana. Makochi ya watu yalisimama humo yakiwa mifupa mitupu, spring nje, yakingoja nyama. Sponji iliyokatwa ilitoa vumbi jepesi lisiloanguka. Asubuhi, jua lilipoingia mlangoni, vumbi lile lilielea katikati ya chumba, na mtu akipita ndani yake alionekana kama anatembea chini ya maji. Bibi alipenda kukaa hapo kwenye kochi lolote lililokuwa limekamilika, mpaka mwenye kochi aje alichukue. Alikuwa amekalia makochi ya matajiri wengi kuliko matajiri wenyewe.

Jumatatu ile hakukaa. Alilala kitandani kwake, kitanda ambacho mwanawe alikiinua kwa matofali ili mama akitaka kushuka, ashuke kama mtu anayeteremka ngazi moja.

"Mume wangu," mke wa fundi akasema akiwa mlangoni, kitenge kiunoni, "nenda kachukue koti la yule baba ulishone."

"Mimi nashona makochi. Sishoni makoti."

"Basi lichukulie kama kochi dogo."

Fundi akacheka bila kupenda. Mkewe aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, tena mstari wa mbele, na ndiye aliyejua jinsi maneno yanavyotembea kanisani. Alikuwa ameshasikia matatu kabla ya kufika nyumbani: kwamba Bibi amegoma, kwamba Bibi amevuta koti kwa makusudi, na kwamba familia ya fundi sasa imepata kazi nyingi na inajiona.

"Kazi nyingi ziko wapi?" fundi akauliza.

"Hizo waulize wao. Labda wanazo."

Fundi akaenda. Bwana Utaratibu alikuwa na nyumba yenye baraza na viti vinne vya baraza, na hakumkaribisha kwenye hata kimoja. Alimpa koti kwa vidole viwili.

"Uzi ufanane."

"Utafanana, mzee." Fundi akalikunja koti vizuri chini ya kwapa. "Mzee, nilikuwa na ombi. Benchi moja tu, lile la nyuma kabisa. Miguu nitaweka mwenyewe, mbao zangu, misumari yangu. Mama akae hapo na wenzake wenye magoti mabovu."

"Utaratibu, fundi. Moja likiinuka, yote yatataka kuinuka."

"Ni la wagonjwa, mzee."

"Leo la wagonjwa, kesho la wenye vitambi, keshokutwa tuna ghorofa kanisani. Mambo ya kanisa hayaendi kwa magoti ya mtu mmoja."

"Lakini yalikatwa kwa ajili ya mtu mmoja."

"Nani?"

Fundi akatazama chini. Palikuwa na mchwa wanapandisha njia yao kwenye nguzo ya baraza, wanajenga tu, hawana habari. Mtu mwenye mke kwenye kwaya na mama kitandani hajibu kila swali.

"Uzi ufanane," Bwana Utaratibu akasema tena, akaingia ndani.

Alikuwa binadamu, ukimtazama peke yake. Mkewe alimwogopa, watoto wake hawakumwandikia, na kanisani tu ndiko kulikokuwa na watu waliosimama akisema simameni. Lakini msemo ni kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Magoti ya Bibi kwake yalikuwa pamba.

*

Kiti ambacho fundi alimtengenezea mama yake kilikuwa cha kawaida. Hilo ndilo la kuelewa. Kilikuwa na urefu wa kiti chochote, kama vile vya shuleni au hospitalini. Alikitengeneza kwa mabaki: mbao ya kitanda cha zamani, sponji ya pembeni, kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kochi la mwenye duka la dawa.

"Usiniwekee urembo," Bibi alimwambia. "Watu watasema naenda harusini."

"Hakuna urembo, Mama. Ni misumari tu ya kichwa cha njano."

"Hiyo ndiyo urembo."

Akaing'oa, akaweka mingine.

"Na mkono wa kushikia?"

"Nimekuwekea miwili."

"Mmoja ungetosha. Mwingine wa nini, niwe malkia?"

"Mama, magoti ni mawili."

Mke wa fundi alisimama kando akipangusa vumbi la sponji kwenye nyusi. "Watasema," alisema. Hakuongeza kitu. Aliwaza lakini, na alichowaza ni mstari wa mbele wa kwaya, na sare mpya ya zambarau ambayo alikuwa hajaivaa hata mara moja. Halafu akaona haya kwa kuwaza hivyo, akamchukulia mama mkwe maji ya kuoga.

Jumapili fundi alikibeba kiti kichwani, akakiweka nyuma kabisa, karibu na mlango. Bibi akakaa. Akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu mabenchi yakatwe akayaona madirisha.

Alikuwa ameyasahau. Kutoka kwenye benchi fupi mtu huona migongo, na juu ya migongo visogo, na juu ya visogo ukuta wa kijivu. Sasa madirisha yalikuwa mbele yake, matano upande mmoja, na katika kila dirisha kuna kipande cha mbingu, na vipande havifanani. Kimoja kilikuwa na wingu, kingine waya wa umeme na ndege juu yake. Chini yake kanisa zima lilikuwa limekaa kama watu walioingia mtoni mpaka kifuani. Mabega na vichwa tu. Walipoimba, vichwa vilitikisika taratibu kama vinachukuliwa na maji, na Mchungaji kule mbele alikuwa ndani ya maji hayo hayo, mdogo, amevaa joho jeupe. Bibi akamwonea huruma asijue kwa nini. Akaona pia kwamba yule mwanamke wa kuuza mboga ana mvi utosini, na mwalimu wa Sunday school analia, analia kabisa, na hakuna anayemwona, kwa sababu huko chini kila mtu anatazama mgongo wa mwenzake.

Walipoambiwa wasimame, Bibi akashika mikono ya kiti, akasema Ee Bwana, akasimama. Alisimama pamoja na wote. Machozi yakamtoka. Akaimba kwa sauti ya kutetemeka, na akatangulia kusema amina, kama kawaida yake.

Katika matangazo Bwana Utaratibu alipanda mbele. Koti lilikuwa mwilini, uzi ulifanana. Akatangaza mkutano wa akina mama, akatangaza kijana aliyepotelewa na funguo, kisha akasema, "Utaratibu wa nyumba hii unajulikana. Haketi mtu juu ya Mchungaji. Kuna ndugu ameamua kujitengenezea kiti cha enzi. Baraza litamtembelea."

Vichwa vyote vikageuka pamoja. Bibi naye akageuka nyuma kumtafuta huyo ndugu, akaona mlango.

*

Walikuja Alhamisi alasiri, Mchungaji na Bwana Utaratibu na wazee wawili wengine wasiokuwa na la kusema. Fundi alikuwa amesogeza mifupa ya makochi ukutani na kuacha kochi moja zima katikati, kubwa, la rangi ya maziwa, mali ya mteja, limefunikwa kwa shuka.

"Karibuni mkae."

Wakalitazama kochi. Lilikuwa refu. Bwana Utaratibu akamtazama Mchungaji, Mchungaji akatazama sakafu.

"Tutakaa chini tu, fundi," Mchungaji akasema. "Mkeka unatosha."

Mke wa fundi akaleta mkeka mmoja, maana ndio waliokuwa nao. Mchungaji akaketi juu ya mkeka. Basi wazee hawakuweza kukaa naye mkekani, wangelingana; wakakaa kwenye saruji, na vumbi la sponji likawapanda kwenye suruali nyeusi. Fundi hakujua akae wapi, chini ya saruji hapakuwa na kitu. Akaenda kusimama nje ya mlango, akachungulia kama mtu anayeuza maandazi.

Bibi alikuwa kitandani, mlango wa chumba wazi. Kitanda kile kilichoinuliwa kwa matofali. Alikuwa juu yao wote kama mtu aliyepanda dari.

"Bibi, ungeshuka kidogo," Bwana Utaratibu akasema.

"Nikishuka, mwanangu, mkutano utakuwa mrefu. Mpaka nipande tena ni jioni."

Mzee mmoja kati ya wale wasiokuwa na la kusema akakohoa kicheko.

Bwana Utaratibu akasema aliyokuja nayo. Kwamba Bibi amejikweza mbele ya usharika. Kwamba kiti kile kirudi nyumbani. Kwamba Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana, na hatakaribia meza mpaka aje mbele, akae kwenye benchi la kwanza kama wengine, aombe radhi kwa kiburi chake.

Mambo mengine yote Bibi aliyasikiliza kama mvua ya nje. Hilo la Meza likamfikia. Alikuwa hajawahi kuikosa tangu alipokuwa msichana. Aliikaribia akiwa na mimba, akiwa na malaria, na siku ya pili baada ya kumzika mumewe. Alishika ukingo wa shuka akaanza kuukunja kidogo kidogo.

"Kiburi gani, wazee?" fundi akasema kutoka mlangoni. "Mama yangu hana magoti!"

"Tunaongea na mwenye shauri."

"Mwenye shauri ni mama yangu!"

"Mwanangu," Bibi akasema, "acha. Labda wanasema kweli."

Hata Bwana Utaratibu hakulitegemea hilo.

"Nilikaa kule juu nikaona madirisha. Nikafurahi. Nilifurahi sana, na nilikuwa peke yangu kwenye furaha yangu, wenzangu wote wako chini hawaoni. Sasa sijui. Huenda hicho ndicho kiburi. Mimi sikusoma. Nitakuja niombe radhi."

Mke wa fundi akafunika uso kwa kitenge. Fundi akapiga fremu ya mlango kwa ngumi, na vumbi jeupe likashuka taratibu juu ya vichwa vya wazee wa kanisa, nao hawakulipangusa.

Wakaomba, wakasema amina, Bibi akiwa ameshaisema. Ikafika kuinuka. Mchungaji akaweka mkono sakafuni, akasukuma, akarudi. Alikuwa mtu mzito, amepita umri wa kukaa mkekani. Wazee wawili wakamshika makwapani.

"Hapa si ibadani," Bwana Utaratibu akaeleza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Utaratibu unaruhusu."

Wakamnyanyua kama wanavyonyanyua kabati. Wenzake walipotangulia nje kujipangusa, Mchungaji akabaki mlangoni kwa Bibi, anapumua.

"Magoti, Baba?" Bibi akauliza.

"Yote mawili, Mama." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Usiku siwezi kulala. Daktari amesema nisikae chini tena."

"Sasa si ukiinue hicho kiti chako, Baba? Mwanangu atakuwekea miguu leo leo."

"Nitakiinuaje? Nililia mbele ya watu. Nikiinua sasa watasema unyenyekevu umenishinda. Askofu mwenyewe amesikia habari ya kanisa letu, amelisifu. Wanataka kuja kujifunza."

Bibi akamtazama kama anavyotazama kochi lenye spring iliyovunjika ndani, ambalo nje ni zuri.

"Basi, Baba," akasema, "tukae huko chini wote wawili mpaka Bwana arudi."

Mchungaji akatabasamu, na kwa sekunde moja alikuwa mtu tu, wa makamo, mwenye maumivu. Kisha Bwana Utaratibu akamwita kutoka nje, akaenda. Alijua ukweli, na alikuwa na uwezo wa kuumaliza kwa neno moja. Mkubwa ni jalala, husemwa, hubeba taka za wote. Huyu alibeba sifa, taka akaziacha kwa kikongwe.

*

"Huendi," fundi alisema Jumapili asubuhi.

"Nipe kanga yangu nyingine, mkwe wangu. Hii imechoka."

"Mama, nasema huendi. Utaomba radhi kwa kosa gani? Kosa ni lao. Nilikata yale mabenchi mimi, nilikuwa mjinga, nilidhani nafanya kazi ya Mungu kumbe nafanya kazi ya watu."

"Nipe na kitambaa cha kichwa."

"Ukisema una kiburi wakati huna, unasema uongo kanisani."

"Na nikisema sina, je?" Bibi akamgeukia. "Umewahi kumsikia mtu mnyenyekevu anasema mimi sina kiburi? Niambie nikae wapi hapo, wewe unayejua viti."

Mke wa fundi, ambaye Ijumaa mazoezini alikuwa ameambiwa asimame mstari wa nyuma "kwa muda", alimfunga mama mkwe kitambaa, akakaza fundo, akaulaza mkono wake shavuni pa Bibi. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo.

"Nitaimba nikiwa nyuma, Mama. Utanisikia?"

"Wewe hata ukiimba jikoni kwetu Mungu anaziba masikio kwa hiyo sauti; mimi nitakosaje kukusikia?"

Wakatoka. Njia ilikuwa fupi lakini Bibi aliifanya ndefu, na asubuhi ilikuwa ya ukungu, nyumba zimetoka nusu, mtu unayemjua unamwona miguu kwanza. Bibi alitembea ndani ya ukungu huo ameshika mkono wa mwanawe, na alionekana kama anakwenda mahali alipowahi kufika.

Kanisa lilijaa. Habari zilikuwa zimetembea, na watu ambao hawajaonekana tangu Pasaka walikuja kumwona Bibi akiomba radhi. Mbele, Mchungaji alikuwa kwenye kiti chake kifupi. Nyuma yake Meza ya Bwana ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, mkate na kikombe juu yake. Meza peke yake haikukatwa. Baraza lilijadili, likashindwa kuamua.

Bwana Utaratibu akamwita. Bibi akapita katikati, taratibu, ameshika mkono wa mwanawe, kanga yake ikifagia. Alipofika benchi la kwanza akaelekezwa mahali pa kukaa.

"Wapendwa," Bibi akasema. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikaa juu yenu nikaona madirisha, sikuwaambia. Nisameheni. Na wewe Baba, wanasema nilikaa juu yako. Sitaki nikae juu ya mtu yeyote."

"Amina," Bwana Utaratibu akasema. "Sasa keti."

Bibi akalitazama benchi. Akamshika mwanawe mkono wa pili. Wakadhani anakaa kwenye benchi, lakini alilipita. Alishuka zaidi, goti moja, akauma midomo, goti la pili, mkono, paja, mpaka akawa chini kwenye saruji, kanga imemzunguka. Alikaa hapo akipumua. Fundi akakaa kando yake, maana hakuona njia ya kusimama juu ya mama yake.

Sasa angalia kilichotokea, na hakuna aliyekipanga. Mchungaji alikuwa amekaa kitini, na chini ya miguu yake kuna kikongwe sakafuni. Yeye aliyelia mimbarini kwamba hatakaa tena juu ya kondoo hata mmoja. Watu wote walimtazama. Ndege wa kwenye waya alilia mara moja, akanyamaza. Mchungaji akashika mikono ya kiti, akateleza mbele, akashuka. Joho likajaa hewa, likashuka baada yake. Akakaa kwenye saruji akiwa ameukunja uso kwa maumivu.

Wazee wakatazamana. Haketi mtu juu ya Mchungaji. Wakashuka. Kwaya ikashuka, sare mpya za zambarau zote zikakaa kwenye vumbi, mke wa fundi akiwa nyuma yao. Kisha kanisa zima, benchi kwa benchi, bila neno, kama nyasi zinapolala upepo ukipita, likashuka. Mabenchi mafupi yakabaki matupu, yamesimama juu ya watu. Ukungu ulikuwa umeingia kwa madirisha. Mtoto mmoja alicheka kwa furaha, akanyamazishwa. Na huko chini, kwa kuwa hapakuwa na mistari tena, watu walikuwa wamekaa wakitazamana. Yule mwalimu wa Sunday school akajikuta uso kwa uso na mama wa mboga, asijue aufiche wapi.

Muda wa Meza ukafika, ukaanza kupita. Mchungaji akaweka kiganja kwenye saruji, akasukuma. Hakuinuka. Akasukuma tena. Jasho likamtoka kwenye paji. Akawatazama wazee wake wawili, na wazee wakamtazama Bwana Utaratibu, na Bwana Utaratibu akatazama mlangoni, ambako kanuni yake ilikuwa imebandikwa kwa maandishi makubwa: hainuki mtu kabla ya Mchungaji. Midomo yake ilitikisika kama mtu anayetafuta ibara. Shati lilimlowa.

Fundi alikuwa na magoti mazima. Alianza kujivuta, ainuke, lakini mkono wa mama yake ukakaa juu ya paja lake, mwepesi kama usufi, na hakuweza. Bibi hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama juu, pale penye kitambaa cheupe, kama mtoto anavyotazama rafu, na aliuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayetaka kujua tu:

"Baba Mchungaji, mkate uko kule juu, na sisi sote tuko huku chini. Nani atainuka atuletee?"